Ukiachishwa kazi, anza kuhesabu siku hapo hapo

Mdogo wangu alikuja kwangu Jumapili na bahasha ya kaki imekunjwa mara mbili, ndani ana kadi ya NSSF na slipu mbili za mshahara, alafu akanipa simu nisome meseji ya bosi wake: "Usije tena, nafasi yako ina mtu." Nikamuuliza hii meseji ya lini. Tukahesabu na kalenda ya ukutani, siku 41. Miaka mitatu na nusu kashinda stoo anapokea mizigo na kuandika daftari, anaondolewa kwa meseji moja, na kila akipiga kuulizia haki zake anaambiwa subiri mkuu karudi safari tutakaa tuongee, na yeye mtoto wa watu akasubiri kweli.

Iliniuma sana, maana kusubiri huko ndo kunawamaliza watu. Kwa huku Tanzania Bara, ukiona umeachishwa kazi isivyo halali unatakiwa upeleke mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, hii tunayoiita CMA, ndani ya siku 30 tangu ulipoachishwa. Madai mengine ya kikazi kama mshahara ambao hujalipwa ni siku 60. Ukichelewa hujafa, ila inabidi kwanza ujaze maombi ya kusikilizwa nje ya muda na ueleze kwa nini ulichelewa, sasa hapo ukisema tu "nilikuwa namsubiri bosi" hiyo ni sababu dhaifu mno.

Kitu kingine alichokuwa anaogopa ni kwamba hana mkataba wa karatasi. Nikamwambia mwajiri ndo anatakiwa aandike na atunze hizo kumbukumbu, na kesi ikifika mbele akashindwa kuzionyesha, mzigo wa kuthibitisha unabaki kwake yeye. Hata uhalali wa kukuachisha, mwajiri ndo anathibitisha kwamba alikuwa na sababu ya msingi NA alifuata utaratibu, vyote viwili. Ila kama hujafikisha miezi sita kwa huyo mwajiri, ulinzi huu wa kuachishwa isivyo haki hukupati, hilo watu wengi hawalijui.

Tulikaa mkekani tukapiga hesabu. Analipwa kwa mwezi, kwa hiyo notisi yake ni siku 28. Kiinua mgongo ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, mwisho miaka 10, yake mitatu inakuwa siku 21. Bado likizo ambayo hakwenda. Yote yamo kwenye Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, alikuwa hajawahi hata kuisikia.

Jumatatu asubuhi tukaenda ofisi ya CMA, zipo kila mkoa na kufungua shauri hulipii. Ukijaza fomu kopi moja unampelekea mwajiri, hakikisha anasaini au anagonga muhuri kwamba kapokea, usimwachie tu mlinzi getini ukaondoka. Ile meseji tuliipiga picha ya skrini tukaichapisha, tarehe inaonekana vizuri kabisa juu. Sasa hivi tunasubiri maombi ya kuchelewa yasikilizwe, na mdogo wangu kanunua daftari jipya, kila simu anayopigiwa na ile ofisi anaandika saa, jina la aliyepiga na alichosema.