UDSM wajenge maghorofa yote wanayotaka, ila kimbweta kiachwe chini ya mti wake

Kwenye grupu letu la watu tuliosoma Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM), kuna ubishi hauishi, eti kitu gani kimebadilisha maisha ya pale chuoni kuliko vyote, na kila mtu anakuja na jengo lake. Kuna wa maktaba mpya, kuna wa hosteli za Magufuli, kuna mmoja yeye kila siku ni Mlimani City tu, ile mall ya jirani, utadhani alidahiliwa kusomea shopping. Mi jibu langu ni lile lile na wameshanichoka: vimbweta. Ile meza ya zege na mabenchi yake ya zege chini ya mti, basi, hamna lifti, hamna mkasi wa kukata utepe wala nini.

Tuelewane kwanza, sisemi majengo hayana maana. Maktaba iliyofunguliwa Novemba 2018 kwa msaada wa Wachina ni kitu cha heshima, ina nafasi ya vitabu kama laki nane, na ukiingia mara ya kwanza unatembea taratibu kama uko ubalozini. Hosteli za Magufuli nazo, zile zilizofunguliwa Aprili 2017, majengo 20 kwa watu 3,840, ziliwaokoa wengi na maisha ya kupanga Msewe na Changanyikeni au ya kubebana. Kubebana kwa ambaye hakupitia ni hivi, chumba kina vitanda kadhaa na vyote vina wenyewe, we huna, ila una rafiki, basi mnalala mzungu wa nne kwenye kitanda cha mtu mmoja miguu yake puani kwako mpaka UE, mitihani ya mwisho wa semista, iishe, na asubuhi mnaamka hamsalimiani vizuri ila mchana mnakula sahani moja. Najua mtu atanikumbusha zile nyufa za Desemba 2017 kwenye hosteli hizo, sawa, zilisemwa sana na serikali ikajibu, tusirudi huko.

Ninachosema ni hiki. Mwanafunzi wa chuo haishi ndani ya jengo. Ana lekcha Yombo, kule kwenye kumbi za mihadhara, asubuhi saa moja, halafu hana kitu mpaka saa tano, halafu semina saa tisa. Kama anakaa hosteli ya Mabibo harudi huko katikati ya siku, nauli na jua havimruhusu. Maktaba ni ya kukaa kimya, na discussion haifanyiki kimya, discussion ni watu sita wanapiga kelele juu ya swali moja na yule mmoja ambaye hajasoma kabisa ndo anapiga kelele kuliko wote. Sasa hao watu sita wanakaa wapi? Wanakaa kimbwetani. Ndo pale msuli unapigwa, yaani kusoma kwa nguvu, ndo pale desa, zile notsi za kupeana, linapogawanywa, ndo pale unapogundua kozi uliyoisoma semista nzima ulikuwa huielewi na demu wa mbele yako anakuelezea kwa dakika kumi unaelewa. Watu wangapi wamekwepa sup, mtihani wa marudio, kwa sababu ya kimbweta! Wengine na kudisko, yaani kufukuzwa chuo kwa kufeli, wamekwepa.

Na kimbweta kizuri kina sifa zake, usidhani vyote sawa. Kwanza kivuli cha saa nane mchana, maana kivuli cha asubuhi kila mti unacho. Cha chini ya mwembe ni baridi ila msimu wa maembe ujue linaweza kukudondokea kwenye daftari, na mwembe una ngedere. Hao ngedere wa Mlimani msiwachukulie poa, wamekaa na wasomi muda mrefu, anajua mfuko wa chapati na mfuko wa vitabu, anakuangalia unavyoandika, ukigeuka tu kumwitikia mtu chapati haipo na yeye yuko juu anakula anakutazama. Pili benchi liwe na umbali sahihi na meza, kuna mafundi walijenga benchi mbali mpaka unaandika umeinama kama unaosha vyombo. Tatu, soketi. Vimbweta vya kisasa vyenye soketi na paa juu yake ndo vinagombewa, watu wanakuja na extension ya njia sita, laptop tatu, simu nne, na mtu mmoja ambaye hasomi kabisa kaja kuchaji tu. Kuna vingine vimejengwa na wadhamini, vimepakwa rangi za kampuni na nembo juu, unasoma Administrative Law umekalia tangazo la benki. Mi sina shida na hilo, waweke hata nembo kumi, ilimradi zege liko pale.

Ukitaka kujua chuo kinaendeleaje usianze na idadi ya ghorofa. Nenda saa kumi jioni ukaangalie vimbweta vingapi vina watu na watu wangapi wamekaa chini kwenye majani au kwenye ngazi kwa kukosa nafasi.

Halafu kuna hili la wazee wetu walivyokipanga chuo. Kilianza Oktoba 1961 mjini, kwenye jengo la TANU Mtaa wa Lumumba, kitivo kimoja tu cha sheria na wanafunzi hawafiki hata 15, yaani daladala moja inawabeba wote na konda bado anaita abiria. 1964 ndo wakahamia huku kilimani, kilomita kama 13 kutoka katikati ya jiji. Ukiangalia yale majengo ya kwanza kwanza, ni marefu na membamba, yana vizuizi vya jua ukutani, unaweza kufungua dirisha upande huu na huu upepo ukapita. Mtu aliyechora alijua Dar kuna joto. Siku hizi tunajenga vioo halafu tunanunua AC, umeme ukikatika darasa zima linajipepea na handout. Nkrumah Hall na lile paa lake la zege ndo kila mtu anapigia picha siku ya mahafali, na ndo ile iliyokuwa kwenye noti ya mia tano kabla Benki Kuu haijaiondoa kwenye mzunguko 2025, ila mtu aliyesoma pale ukimuuliza kumbukumbu yake ya Nkrumah atakuambia alifanyia mtihani humo na mikono inatetemeka. Stori zenyewe tamu anazo za nje.

Na nje ndo imekuwa historia ya chuo chenyewe. Oktoba 1966 wanafunzi walivaa majoho wakaandamana mpaka Ikulu kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, Mwalimu akawasikiliza, akakasirika, akawarudisha nyumbani zaidi ya 300, na hapo hapo akakata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Miaka ile ile alikuwepo Walter Rodney, yule mwanahistoria wa Guyana, anafundisha, Museveni aliyekuja kuwa rais wa Uganda ni mwanafunzi, na vijana wa USARF, umoja wa wanafunzi wanamapinduzi wa Afrika, walikuwa na darasa lao la Jumapili, hakuna aliyewalazimisha, hakuna mahudhurio. Revolutionary Square, ule uwanja wa wazi pale chuoni, haikupata jina kwa bahati mbaya. Fikra za hivyo zinataka sehemu ya watu kukaa bila kuomba funguo kwa mtu.

Sasa hivi kuna ujenzi mwingi. Mradi wa HEET, ule wa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425 kwa vyuo vya umma nchi nzima, umeleta majengo mapya na Mlimani imo. Mi nafurahi, kabisa, wanafunzi ni wengi na madarasa hayajawahi kutosha. Ila jamani anayesimamia kiwanja akumbuke mti. Kukata mjohoro ni asubuhi moja na msumeno, kuupata tena kwa kivuli kile kile ni miaka na miaka, mwanafunzi wa sasa atamaliza na mwanae anaweza kumaliza. Ukisikia mchoro wa jengo una ‘landscaping’, uliza, ni miti au ni yale maua mafupi ya mapambo na bango la usikanyage majani? Maana kuna taasisi nyingi Dar zikisema zimeboresha mazingira ujue zimekata mwembe zikamwaga pevingi, mchana ile pevingi inarudisha joto usoni unahisi uko mbele ya tanuri.

Pevingi yenyewe siipingi lakini. Pale ni kilima, masika yakija maji yanashuka kwa hasira, kama hamna mtaro na njia ya kueleweka unafika darasani suruali imekuwa rangi mbili. Ninachoomba njia zijengwe pale ambapo watu tayari wanapita. Wanafunzi wakishachora njia yao kwenye majani kutoka cafe kwenda Yombo wamekufanyia usanifu bure, we leta tofali tu, usiweke senyenge halafu ujenge njia inayozunguka nyuma ya maegesho ambayo hata mwenye gari haipiti. Na taa. Discussion za usiku zipo, watu wanatoka saa sita, binti anatembea peke yake kwenda hosteli, taa za sola mbili tatu kwenye kona zinamfaa kuliko sanamu la getini. Nimemaliza hapo, mambo ya sanamu siongezi.

Udasa, ile klabu ya wahadhiri, sijaigusa makusudi, ile ni ya walimu na wenye boom, hela ya mkopo ya kujikimu, lililotoka jana, itakuwa na post yake.

Kwa wale first year mnaokuja ile miti ya mikrismasi ikianza kuwa myekundu kwa maua, sikilizeni kaka yenu. Kimbweta hakiwekewi begi ukaondoka masaa mawili, hiyo ni dharau, begi utalikuta chini. Msinunue kitu chochote cha kula kwenye mfuko wa kuonekana ndani. Tafuteni watu wa discussion mapema, wiki ya pili wameshajigawa, na msichague marafiki tu, chagueni angalau mmoja anayehudhuria lekcha. Extension nunueni ndefu. Na mkikuta kimbweta chini ya mti mkubwa ambacho kina kivuli mpaka saa tisa, nyamazeni kimya, msipost.