Kabla hujatuma hela ya meno: kompositi, mwanya na bei za Uingereza

Pauni 250 kwa jino moja la kujengewa kwa kompositi, ile dawa laini ya rangi ya jino inayogandishwa kwa taa. Wala si bei ya mastaa, ni bei ya kliniki za kawaida huku Uingereza, na wapo wanaofika 400. Watu hujengewa meno sita ya mbele, wengine manane. Ninyi mnaouziana viwanja Pongwe huko Tanga, pigeni hesabu wenyewe. Na asiwadanganye mtu kwamba NHS, huduma ya afya ya serikali ya huku, italipa. NHS hutibu jino bovu. Urembo unatoka mfukoni mwako. Hata hilo bovu, kwa mgeni aliyeshuka juzi, kumpata daktari wa NHS anayepokea wagonjwa wapya ni shughuli. Wewe unayengoja viza, ziba matundu na utoe ugaga hospitali ya Bombo kabla ya kupanda ndege.

Unacholipia hasa ni muda na mkono wa fundi, maana dawa yenyewe inayotumika ni kidogo mno. Fizi ndizo za kwanza. Fizi zinazotoka damu hazijengewi, kwa kuwa kompositi haishiki penye unyevunyevu. Damu au mate yakiingia chini yake, baada ya muda ukingoni hutokea mstari wa kahawia ambao mswaki hauutoi. Anayetaka meno meupe ayang'arishe kabla, si baada. Dawa ya kung'arisha haibadilishi rangi ya kompositi, kwa hiyo rangi uliyowekewa ndiyo utakayokaa nayo. Kisha asubiri wiki mbili, kwani oksijeni inayobaki ndani ya jino huzuia gundi kushika. Hapo ndipo mtu aliyekuja matembezi ya wiki tatu anapokwama, hasa kama fizi nazo zilihitaji kutibiwa.

Siku yenyewe, rangi huchaguliwa mwanzo kabisa, jino likiwa bado na mate. Jino likikauka huonekana jeupe kuliko lilivyo, na fundi atakayechagua wakati huo atakuachia jino lisilofanana na wenzake. Baada ya hapo hupakwa tindikali ya fosforiki ya asilimia 35 hadi 37, kwa sekunde 15 hadi 30, ili enameli, lile tabaka gumu la nje la jino, ipate vitundu vidogo vya kushikia. Huoshwa, hukaushwa, hupakwa gundi, na gundi hupigwa taa ya bluu. Kompositi huwekwa tabaka kwa tabaka, kila moja isizidi milimita 2, na kila moja na sekunde zake 20 hivi za taa. Anayebandika donge zima kwa mara moja huliacha bichi katikati, nalo huvunjikia hapohapo. Mwisho ni msasa, kuanzia wa kukwaruza hadi laini kabisa. Ukiona fundi anaharakisha hapo, tia shaka: uso uliobaki na mikwaruzo hunasa rangi upesi. Mara nyingi hakuna sindano ya ganzi, na jino halisagwi au husagwa kidogo tu.

Sasa mwanya. Hili linaniudhi kuliko bei. Madaktari wa huku wakiuona tu huuandika kwenye fomu kama kasoro, mwenyewe hujasema neno. Pwani yote mwanya ni uzuri, watu wameolewa kwa ajili yake! Haya, kama ni wewe unayetaka kuuziba, mwanya wa milimita 1 au 2 huzibika vizuri kwa kuyaongeza meno yote mawili. Ukizidi sana hapo, meno hutoka mapana kama koleo, na karibu na fizi hubaki pembetatu nyeusi inayonasa chakula. Wa namna hiyo huanza na waya wa kusogeza meno.

Kazi humalizika siku moja, waja leo waondoka leo, lakini matunzo ni ya miaka. Kwa kawaida hudumu miaka 5 hadi 7, na katikati hapo utarudi kupigwa msasa tena au kuzibwa palipomeguka. Uzuri wake ni kwamba kipande huongezwa bila kubomoa jino zima. Huchafuliwa na kahawa chungu ya kijiweni, chai ya rangi, manjano, ubuyu wa rangi na sigara. Mla tambuu asijisumbue kabisa. Huvunjwa na kufungulia soda, kumenyea muwa, kung'ata kucha na mifupa ya mbuzi. Anayesaga meno usingizini avae kinga ya plastiki kila usiku, la sivyo ncha zitakatika mapema.

Wenye madoa ya kahawia ya floraidi, madini ya kwenye maji, kama wengi wa Arusha na Kilimanjaro, wajue kwamba kompositi nyembamba haifichi kahawia iliyokolea, na enameli ya namna hiyo haishiki gundi kirahisi.

Na kujengewa meno saluni je? Huku, asiyesajiliwa akigusa meno ya mtu anavunja sheria. Nyumbani uliza kama amesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Halafu muombe picha za kazi zake zenye miaka miwili, zile za siku ya kwanza hazikuambii kitu, na akuandikie nani atalipa kipande kikikatika ndani ya mwaka.