Bei iko ukutani: siku moja ya fundi majeneza, Tanga

Saa kumi na moja na nusu alfajiri natoka msikitini, napitia kwa muuza kahawa, vikombe viwili na kashata, na kabla ya saa moja karakana iko wazi. Iko Ngamiani, kwenye zile barabara za namba. Namba yenyewe siitaji, maana majirani hawapendi kutajwa pamoja na kazi yangu. Wapo wanaovuka ng'ambo wakikaribia mlango wangu. Mwenye nyumba akija kuchukua kodi hunyoosha mkono kwa mbali, utadhani anapokea kaa aliye hai.

Natengeneza majeneza. Mimi ni Muislamu, kwa hiyo sitalazwa humo: nitabebwa na jeneza la msikiti, lile linalompeleka mtu na kurudi kumsubiri mwingine, nishushwe na sanda yangu basi. Wateja wangu ni Wakristo wa hapa mjini, wa Muheza, Korogwe na Lushoto. Watani huniuliza kama huwa naomba dua ya biashara. Siombi.

Hadi saa tatu ni randa na msasa tu. Mbao za paina kwa wengi, mtiki kwa wenye nacho. Kijana wangu anapiga vanishi huku anaimba taarabu kwa sauti mbovu.

Sasa kibao. Nimekipaka ukutani kwa rangi nyeupe: paina ya kawaida 220,000, paina yenye satini na kioo 300,000, mtiki 650,000, la mtoto 90,000. Zamani bei ilitoka mdomoni, na ilipanda kwa kadiri macho ya mteja yalivyokuwa mekundu. Anayenunua kitanda atazunguka maduka matano, anayenunua jeneza anaingia la kwanza na kutoa alichonacho. Tena kuna vijana wanaoshinda nje ya hospitali: wakimwona mtu anatoka analia, wanamshika mkono hadi kwa fundi, na cha juu chao kinaingia kwenye bei bila mfiwa kujua. Tangu nipake kibao hawaniletei mtu. Mafundi wenzangu wawili walikuja kunitaka nikifute. Nikawapa viti, tukanywa maji, kibao kipo.

Saa nne kasoro akaingia dada mmoja wa Muheza, kanga kajifunga kiunoni.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Pole, dada. Mzee ana urefu gani?"

"Futi tano na nusu hivi. Lakini fundi..." Akaangalia nje kwanza. "Baba ana miguu."

Kwa mtu wa pwani hapo umeshaelewa. Matende.

Jeneza la kawaida ni pana mabegani, halafu linachongoka kuelekea miguuni kama mtumbwi. Fundi wa kwanza aliyemwendea alimwambia miguu itafungwa kamba, ikazwe, "itaingia tu." Dada akatoka bila kuaga.

Nikachukua futi kamba, tukaenda mochwari. Kijana wangu akabaki mlangoni, eti hataki kuambukizwa. Simlaumu sana. Mimi nilikuwa mtoto enzi zile wataalamu wanakuja usiku saa nne kututoboa vidole, nasi tukikimbilia migombani. Nilikuja kuelewa ukubwani kwamba vile viluwiluwi vya minyoo ya matende hutoka kwenye damu usiku, mchana huvioni. Anayevieneza ni mbu. Minyoo mikubwa, myembamba kama uzi, inakaa kwenye mishipa ya limfu na kuiharibu, maji yanakosa njia, mguu unajaa mwaka hadi mwaka. Dawa zilianza kugawiwa mkoani kwetu 2004, ivermectin na albendazole, ila mguu ulioharibika namna hii vidonge haviurudishi. Kumgusa mtu hakuambukizi, sembuse maiti. Nikamwambia kijana hayo yote pale mlangoni. Akaingia, akashika ncha ya futi kamba kwa vidole viwili.

Mguu wa kushoto, chini ya goti, upana inchi 11. Ngozi ngumu yenye mikunjo, kama gome la mwembe mzee. Nimepima watu wengi, sijawahi kupima mguu kama ule. Dada alikuwa ameuvalisha soksi aliyoishona mwenyewe kwa kitambaa cha shuka.

Nikaamua kisanduku cha moja kwa moja, upana ule ule kichwani na miguuni. Hesabu nikaifanya mbele yake kwa penseli: 300,000, mbao mbili za ziada 28,000, satini 10,000, kazi 20,000. Jumla 358,000. Akapiga picha kibao, akapiga picha hesabu, akatoa nusu.

Mchana wote msumeno. Sikula.

Saa tisa, au kumi, akaja mpwa wa marehemu kutoka Dar, mwekahazina wa kamati ya mazishi, viatu vinang'aa. Alikuja kumalizia malipo. Akahesabu noti, halafu akasogea.

"Mzee wangu, risiti niandikie laki tano na nusu."

Nikamwonyesha ukuta. Akasema kuna gharama ndogondogo haziandikiki. Nikamwambia aziandike yeye kwenye karatasi yake. Kila fundi anaandika, akasema. Akatoka, akaongea na simu, akarudi. Akasema jeneza lina kasoro, kwa nini halijachongoka? Nikamweleza. Akasema basi laki tano. Akasema mimi ni mtu mzima, najua maisha. Akakaa juu ya jeneza la mtoto nililokuwa nimelipiga msasa asubuhi! Hapo nilimwinua kwa mkono. Bado akaweka elfu thelathini juu ya benchi, akaifunika na randa yangu. Sitawadanganya, kodi ilikuwa imebakiza siku nne na niliiangalia ile randa. Nikamrudishia. Tunaendelea hivyo, vumbi la mbao linaniwasha shingoni, vanishi haijakauka, mara simu yake ikaanza kulia, moja baada ya nyingine. Zile picha dada alikuwa ameshazituma kwenye kundi la ukoo tangu saa sita.

Akachukua risiti ya 358,000 bila kuisoma.

Pikapu ilifika giza limeshaingia, sijui saa ngapi, mgongo umekufa. Wanaume wanne wakainua, wakasimama nalo katikati ya mlango. Pande zote sawa, hakuna anayejua kichwa kiende wapi. Nikawaomba waliinamishe, nikamulika kwa simu: chini ya ubao nilikuwa nimegongomea msumari mmoja wa shaba.

"Kichwa huku."

Kijana wangu akaenda kushika upande wa miguu.