Jasho la ghafla baada ya jeraha la kichwa
Mgonjwa aliyeumia vibaya kichwani akianza kutokwa jasho jingi, moyo ukienda mbio, joto na presha vikapanda, mikono na miguu ikakakamaa, msikimbilie kusema ni malaria. Ubongo uliojeruhiwa hushindwa kuzituliza neva zinazoendesha moyo, jasho na pumzi bila sisi kuamua, basi kichocheo kidogo tu huwasha mwili mzima. Kagueni kwanza mpira wa mkojo: ukijikunja, kibofu hujaa, na hilo peke yake linatosha. Choo kigumu, kugeuzwa, kuvutwa makohozi pia. Maambukizi yapimwe vilevile.

Lakini presha ikipanda huku mapigo ya moyo yakishuka na pumzi ikienda ovyo, hilo ni jambo jingine kabisa: ubongo unabanwa ndani ya fuvu. Jamani, daktari aitwe dakika hiyohiyo.