Mtoto Aliyehesabiwa Mgeni

Leo mchana binti mmoja wa ofisini, aliyerudi juzi tu kutoka likizo ya uzazi, alinijia mezani akaniuliza kwa sauti ya chini: "Dada, wewe ulikuwa ukikamua wapi?" Blauzi yake ilikuwa imelowa upande mmoja, ameifunika kwa mtandio.

Mimi nilikuwa nikikamua stoo. Nilikaa juu ya ndoo niliyoipindua, katikati ya maboksi ya karatasi, mgongo nimeuegemeza mlangoni kwa sababu kitasa hakikuwa na ufunguo. Chupa nikiizungushia mfuko mweusi na kuificha kwenye friji ya maziwa ya chai. Siku moja niliikuta imemwagwa, imeoshwa, imeanikwa. Nililia chooni.

Ilikuwa 2019. Tarehe 7 Agosti mwaka huo, Zuleikha Hassan, aliyekuwa mbunge mwakilishi wa wanawake wa kaunti ya Kwale, aliingia Bunge la Taifa la Kenya amempakata mwanawe wa miezi 5. Alikuwa na dharura, hana pa kumwacha. Christopher Omulele, aliyekuwa akiongoza kikao, akamwamuru atoke. Akitaka kurudi, arudi bila mtoto. Kanuni za Bunge hazikuruhusu wageni ukumbini, na kitoto kile kikahesabiwa mgeni. Wabunge wakarushiana maneno, na baadhi ya wanawake wakatoka pamoja naye. Video ile niliitazama mle mle stoo, simu magotini.

Wako waliosema Zuleikha alitafuta kiki. Maneno hayo yaliniuma, maana ukishakaa na titi limejaa hadi linawaka moto, hukumbuki kiki.

Na sheria ilikuwepo! Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri atenge chumba cha kunyonyeshea, na ampe mama muda wa kunyonyesha au kukamua mbali na ule wa kula. Imepita katika Bunge hilo hilo. Sabina Chege, aliyekuwa mwakilishi wa wanawake wa Murang'a, naye alikuwa na mswada wa akina mama wanaonyonyesha, uliotaja hata vitu vya kuwekwa chumbani: beseni la kunawia, friji, meza, kiti. Niliposoma neno "kiti" nilinyamaza kitambo. Kumbe kuna mtu aliyefikiria kwamba mama huyu atakaa juu ya nini.

Basi leo nilimshika mkono binti yule nikampeleka chumba kidogo cha mikutano. Nikaandika "Kina mtu" kwenye karatasi, nikaibandika mlangoni, nikavuta kiti changu nikakaa nje.

Bosi akapita, akaisoma ile karatasi, akanitazama.

"Mpaka saa ngapi?"

"Mpaka amalize."

Akasimama kidogo, kisha akaenda zake. Barua ya kuomba chumba cha kudumu nimeianza usiku huu, na kifungu cha 2017 nimekinukuu chote.