Kichomi cha Usiku Ule

Aliletwa saa nne usiku, kijana mrefu, mwembamba, ameshika ubavu wa kushoto na anaongea maneno mawili mawili. Mimi nilikuwa daktari mtarajali, zamu ya dharura. Mama yake alikuwa na jibu tayari: "Ni kichomi, dokta. Kimemkamata amekaa tu anaangalia mpira."

Kichomi kwetu hubeba kila kitu, kuanzia nimonia hadi gesi ya tumbo. Lakini mapigo ya moyo yalikuwa 128, viganja vya baridi, na ndani ya kope peupe. Nilipomgonga kifuani, juu palitoa sauti ya utupu, chini pazito.

Fundi wa eksirei alitaka kumpiga picha akiwa amelala. Nikakataa: mgonjwa akilala, majimaji hutandaa mgongoni na picha huonyesha ukungu tu. Tukamshikilia akae wima. Ukatokea mstari mlalo, mnyoofu kama wa maji kwenye glasi. Juu yake hewa, chini yake kitu. Usaha? Maji ya TB? Sindano ikajibu: damu nyeusi, isiyoganda. Hematokriti yake, yaani kiwango cha chembe nyekundu, ilikaribia ile ya damu ya mshipani; hata nusu ya ile ya mshipani ingetosha kusema ni damu kweli inayovuja kifuani.

"Dokta, huyu kapigwa," sista akaninong'oneza. "PF3, fomu ya polisi, iko wapi?"

Mama akaapa. Mwilini hapakuwa na mchubuko hata mmoja.

Bingwa wa upasuaji, kwenye simu, hakushangaa. "Pafu limetoboka likasinyaa, likakata kamshipa kalikokuwa kwenye utando uliolishikiza na ukuta wa kifua. Weka mpira wa kutoa damu kifuani. Pita juu ya ubavu, chini yake kuna mishipa. Halafu kaa na chupa inayokinga damu."

Nikakaa na chupa. Mwanzoni ilitoka lita moja na robo, nikashusha pumzi kwa kuwa haikufika ml 1,500, kiwango cha kupasuliwa papo hapo. Saa iliyofuata ikaongeza 250, ya pili 230, ya tatu vilevile. Kifua kikitoa zaidi ya 200 kila saa namna hiyo, hakingojewi. Ndugu walikuwa wameshajipanga benki ya damu.

Alfajiri bingwa akafungua kifua. Kamshipa kenyewe kalikuwa kembamba kupita nilivyotarajia, karibu na kilele cha pafu, kanarusha damu kwa mdundo. Akakafunga kwa uzi.

Nilitoka nikamweleza mama yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama mwanawe anaruhusiwa uji.