Nilivyoacha kupanga kliniki ya watoto kwa saa

Nilipopewa ukubwa wa kusimamia kliniki za watoto za vijijini huku Lamu nilidhani kazi yenyewe ni ratiba na ripoti tu. Nikachapa ratiba ya rangi rangi, kila Jumanne saa nne asubuhi tuko kijiji fulani upande wa kisiwa cha Pate, nikabandika ukutani nikajiona bosi kweli.

Baada ya miezi kadhaa daftari likawa aibu. Sindano ya surua ya miezi 9 watoto walikuwa wanaletwa, wengi tu, lakini ile ya pili ya miezi 18 nikifungua ni majina yamezungushiwa kalamu nyekundu ukurasa mzima, na mimi nikawa nawalaumu kina mama eti hawajali, nikataka hata kumuomba imamu awakemee msikitini. Alhamdulillahi sikufika huko.

Manake Jumanne moja, mwezi mpevu, nilienda mwenyewe na tukakwama. Njia ya kuingilia pale ni mkondo katikati ya mikoko, maji yakikupwa ni tope tupu, basi tukakaa juani na sanduku la chanjo, nakodolea kipimo kisipite nyuzi 8 na barafu ndiyo inazidi kuyeyuka, kumbe kule juu kina mama wamengoja wakachoka wakarudi kwao, tena si mara ya kwanza, ni vile mimi nilikuwa natuma vijana halafu nasoma ripoti ofisini.

Nahodha, mzee wa rika la babangu, akaniambia, "Mwanangu, wewe waipanga kliniki kwa saa, sisi huku twenda na maji."

"Sasa ami, siku gani boti yaingia saa nne?"

Akanihesabia vidole. Bamvua, yani maji yanapojaa na kupwa sana, mwezi mosi na mwezi kumi na tano hivi ukihesabu siku tangu mwezi kuandama, saa nne saa tano asubuhi maji yako nje kabisa. Maji mafu, yani yanapojaa na kupwa kidogo tu, mwezi nane na mwezi ishirini na tatu, saa hizo hizo yamejaa.

Ratiba nikaichana. Kliniki ikawa mwezi 8 na mwezi 23, tarehe ambazo hakuna mama kule asiyezijua, na wahudumu wa jamii wanapita nyumba kwa nyumba siku moja kabla. Kazi ilikuwa ofisini sasa! Mkubwa wangu haelewi kwa nini mara Jumatano mara Jumamosi na fomu ina nafasi ya siku moja tu, nesi mmoja naye akaninunia kwa ajili ya wikendi, huyo tukaelewana kwamba Jumamosi naenda mimi. Mkubwa nikamkaribisha tutembee naye, siku ya bamvua, makusudi kabisa hehe. Alirudi na tope hadi magotini, akasaini.

Wekundu daftarini umepungua, haujaisha. Upepo wa kusi ukikaza, hata siku ya mwezi 8 wa kuandama boti haitoki, na wale ninaowakosa hapo bado nawafuata kwa simu mmoja mmoja, nusu yao simu ni ya baba na baba yuko baharini.